Jina la Saraka na Saraka Yenyewe

Kila programu inayofanya kazi ndani ya kompyuta ina mahali iliposimama. Mahali hapo ni saraka, yaani lile kabrasha ambalo programu inalihesabu kuwa ni "hapa", na mafundi huliita saraka ya sasa. Mhasibu akifungua terminali na kutaja faili la mauzo.txt, bila kuandika njia nzima ya kulifikia kuanzia mzizi wa diski, kompyuta haitalisaka diski nzima. Italitafuta katika saraka ya sasa tu, na isipolikuta itasema halipo, hata kama lipo saraka ya jirani. Amri ya kufuta kila kilichomo humu ni ile ile na herufi zake ni zile zile, lakini ikitolewa katika saraka ya mafaili ya muda inasafisha diski, na ikitolewa katika saraka ya hesabu za mwaka inaangamiza kazi ya ofisi nzima. Kwa hiyo namna programu inavyojua ipo saraka gani inagusa moja kwa moja usalama wa kazi za watu, wakiwemo wale ambao hawataandika programu maishani mwao.

Ziko njia mbili za kupata jibu. Ya kwanza, ambayo wanafunzi hufundishwa mapema kwa sababu ni nyepesi, ni kusoma kigeu cha mazingira. Katika Linux na katika kompyuta za Apple kigeu hicho kinaitwa PWD. Ukiandika echo $PWD utaoneshwa jibu kama /home/mhasibu/ripoti. Katika Windows, dirisha la amri lina CD, na echo %CD% hutoa jibu la aina hiyo. Njia ya pili ni kukiuliza kiini cha mfumo endeshi, ile sehemu ya Linux au Windows inayosimamia diski, kumbukumbu na michakato yote, yaani programu zinazofanya kazi. Lugha karibu zote za programu zina namna ya kukiuliza: C ina getcwd, PHP nayo ina getcwd, Python ina os.getcwd. Mara nyingi majibu ya njia hizi mbili hufanana herufi kwa herufi, na kufanana huko ndiko kunakowafanya watu waamini kwamba wanasoma kitu kimoja kwa milango miwili. Hoja yangu ni kwamba ni vitu viwili. PWD ni jina ambalo mchakato mwingine uliliandika na kulirithisha, ilhali kiini cha mfumo kimeshika mahali penyewe. Programu inayotaka kusoma, kuandika au kufuta haina budi kutegemea mahali. Jina lililorithiwa liwe la kumwonesha mtu tu, tena baada ya kuhakikiwa.

Ili kuona sababu, inafaa kuangalia mazingira yanavyotengenezwa. Vigeu vya mazingira viliingia Unix kwa toleo la saba, lililotoka Bell Labs mwaka 1979 pamoja na programu ya amri (shell, ile inayosoma amri za mtumiaji na kuzitekeleza) iliyoandikwa na Stephen Bourne, na muundo wake haujabadilika sana tangu hapo. Mazingira ni orodha ya maandishi, kila andiko likiwa na jina, alama ya usawa na thamani: HOME=/home/mhasibu, PATH=/usr/bin:/bin, PWD=/home/mhasibu/ripoti. Mchakato mmoja unapouanzisha mwingine, huukabidhi nakala ya orodha hiyo, kama mzazi anavyomfungia mtoto masurufu ya safari. Baada ya hapo kila mmoja ana yake. Mtoto akibadili thamani, mzazi hajui. Mzazi akibadili yake, mtoto hapati habari. Na kiini cha mfumo, ambacho ndicho kilichoipitisha orodha, hakijali kilichoandikwa ndani yake. Kwake, PWD yenye njia sahihi na PWD yenye neno lolote lisilo na maana ni maandishi sawasawa, na yote mawili yatapita bila swali.

Saraka ya sasa inatunzwa kwingine kabisa. Kila mchakato una rekodi yake ndani ya kiini, na katika rekodi hiyo pana sehemu inayoelekeza kwenye saraka husika, yaani kwenye kitu chenyewe wala si kwenye maandishi ya jina lake. Linux hata hukuonesha: ndani ya /proc, chini ya namba ya kila mchakato, kuna kiungo kiitwacho cwd kinachoelekea mahali mchakato huo uliposimama wakati huo huo. Kuhama saraka ni kukiomba kiini kibadilishe rekodi hiyo, na kinachobadilika ni rekodi ya mchakato ulioomba peke yake. Jambo hili liliwashangaza hata waliobuni Unix. Dennis Ritchie, katika makala yake kuhusu historia ya mfumo huo, ameeleza kwamba enzi za kompyuta ya PDP-7 waliongeza uwezo wa mchakato mmoja kuzaa mwingine, na mara amri ya chdir, iliyokuwa ikimhamisha mtumiaji kutoka saraka hadi saraka, ikaacha kufanya kazi. Walipekua programu zao wasione kosa. Hatimaye wakagundua kwamba chdir ilikuwa inafanya kazi barabara: ilihamisha mchakato mpya uliozaliwa ili kuitekeleza, mchakato huo ukafa mara baada ya kumaliza, na programu ya amri iliyouzaa ikabaki pale pale ilipokuwa. Ikabidi kazi ya kuhama ifanywe na programu ya amri yenyewe, na ndivyo ilivyo hadi leo kwa amri ya cd.

Ukiyaweka mambo haya mawili pamoja, pengo linaonekana. Kuhama kunabadilisha rekodi ya kiini na hakugusi mazingira. Programu ya amri ikihama huiandika PWD upya, kwa kuwa waandishi wake walikumbuka kuiagiza hivyo. Programu nyingine nyingi hazifanyi hivyo. Katika Python, ukiita os.chdir kuhamia /tmp, os.getcwd itakujibu /tmp mara moja, lakini PWD iliyomo katika os.environ itaendelea kutaja saraka uliyotoka. Chombo cha make, kinachotumika kujenga programu tangu miaka ya 1970, kina shida hiyo hiyo: ukikiagiza kwa -C kihamie saraka nyingine kabla ya kuanza kazi, PWD inayosomwa na faili lake la maelekezo hubaki ile iliyorithiwa, na ndiyo maana make ya GNU ina kigeu chake yenyewe, CURDIR, chenye jibu sahihi. Watunzaji wa lugha ya Go walilikabili suala hili waziwazi. Katika toleo la 1.19, lililotoka Agosti 2022, waliamua kwamba mwandishi akianzisha programu nyingine na kuipangia saraka ya kuanzia, bila kuipangia mazingira yake, Go ndiyo iandike PWD mpya inayolingana na saraka hiyo. Go ilitangazwa mwaka 2009. Kwa zaidi ya miaka kumi, programu zilizoanzishwa kwa njia hiyo zilizaliwa katika saraka moja zikiwa na jina la saraka nyingine.

Pengo huwa la hatari zaidi pale ambapo hakuna aliyehama. Tuseme programu inafanya kazi ndani ya /home/mhasibu/ripoti usiku wa kufunga mwaka, na PWD yake imeandikwa hivyo kwa usahihi kabisa. Mtu mwingine, kwa kufuata utaratibu wa kila mwaka, anaibadilisha saraka hiyo jina iwe ripoti-2024, kisha anaunda saraka mpya, tupu, yenye jina la ripoti kwa ajili ya mwaka unaofuata. Linux na Mac zinaruhusu, hata kama kuna mchakato umesimama ndani. Programu haijasogea. Kiini kinajua hivyo, na kikiulizwa kitajibu /home/mhasibu/ripoti-2024. PWD bado inasema /home/mhasibu/ripoti, na sasa hilo ni jina la saraka nyingine, iliyopo kweli, inayopokea mafaili bila kulalamika. Programu ikiandika mauzo.txt kwa jina fupi, faili litaingia saraka ya mwaka uliokwisha. Ikiandika $PWD/mauzo.txt, litaingia ya mwaka mpya. Mistari miwili ya programu moja, iliyoandikwa na mtu aliyeamini kwamba ina maana moja, imezipeleka hesabu za usiku mmoja katika saraka mbili, na hakuna ujumbe wa kosa uliotokea popote.

Hali hiyo si ya nadra. Ndivyo matoleo mapya ya tovuti yanavyowekwa kwenye seva kila siku. Wahandisi wengi huhifadhi kila toleo katika saraka yake, kisha huweka kiungo kimoja, tuseme /srv/tovuti/sasa, kinachoelekea kwenye toleo linalotumika. Toleo jipya likiwa tayari, kiungo hugeuzwa kulielekea, na wageni wa tovuti hawahisi kukatika kwa huduma. Mchakato ulioanzishwa na mtu aliyeingia kupitia kiungo hicho una PWD=/srv/tovuti/sasa. Kiungo kikishageuzwa, jina hilo linafika kwenye toleo jipya, lakini mchakato wenyewe bado umesimama ndani ya toleo la zamani. Ukisoma baadhi ya mafaili kwa jina fupi na mengine kupitia PWD, unachanganya matoleo mawili ya programu moja. Makosa ya namna hii ni magumu mno kuyasaka, maana huisha mara mchakato unapozimwa na kuwashwa tena, na fundi akija kuangalia anakuta kila kitu kimenyooka.

Windows ina historia yake. Saraka ziliingia MS-DOS kwa toleo la 2.0 mwaka 1983, na DOS ilikumbuka saraka ya sasa kwa kila diski, ya C: mbali na ya A: mbali. Windows ya leo humpa kila mchakato saraka moja ya sasa, lakini ili kuienzi desturi ile huhifadhi saraka za diski nyingine katika vigeu vya mazingira vilivyofichwa, vyenye majina yanayoanza na alama ya usawa, kama =C:. Mtu anaweza kudai kwamba hapo mazingira ndiyo rekodi yenyewe. Ni kweli, kwa diski ambayo hukusimama. Kwa mahali uliposimama, rekodi ipo nje ya mazingira, kama ilivyo katika Unix. Hata %CD% ambayo watu huisoma si kigeu cha kawaida. Ukiandika set kuona orodha ya vigeu, CD haimo, kwa sababu dirisha la amri hulitunga jibu papo kwa papo kila linapokutana na jina hilo. Kwa hilo inaishinda PWD. Lakini maelezo ya amri ya set yenyewe yanasema kwamba mtu akiunda kigeu cha kweli chenye jina hilo, thamani yake ndiyo itakayotumika. Basi mstari mmoja wa set CD, ulioandikwa na mtu asiyejua kwamba jina hilo lina kazi yake, unatosha kuifanya %CD% itaje mahali pamoja popote utakapohamia. Tena, ndani ya mabano ya amri kama if na for, %CD% hujazwa kabla amri zilizomo hazijaanza, kwa hiyo ukihama humo ndani itakutajia ulikotoka. Jambo moja Windows inalifanya vizuri: kwa kawaida hukataa kuibadilisha jina saraka ambayo mchakato umesimama ndani yake, na kwa kukataa huko mkasa wa ripoti za mwaka unazuiliwa mlangoni.

Atakayenipinga kwanza ni yule ambaye ameandika skripti kwa miaka mingi akitumia $PWD bila kupata hasara yoyote. Ushahidi wake ni wa kweli, na sababu yake inajulikana. Programu ya amri inapoanza, haiipokei PWD iliyorithi kwa kufumba macho. Inakiuliza kiini habari za saraka inayotajwa na PWD na habari za saraka iliyosimama, kisha inalinganisha namba mbili: ya diski, na ya utambulisho wa saraka ndani ya diski hiyo. Namba zikilingana, jina linakubaliwa. Zikitofautiana, linatupwa na jina jipya linatafutwa. POSIX, kiwango kinachoweka kanuni za pamoja za mifumo ya jamii ya Unix, kinadai pia kwamba PWD iwe njia kamili isiyo na vipande vya nukta moja au nukta mbili ndani yake. Jambo hili ni rahisi kulipima. Ukiwa katika saraka yako ya nyumbani, amri ya PWD=/tmp sh -c 'echo $PWD' itakutajia nyumbani, maana sh, ambayo ni programu ya amri, imeugundua uongo. Mpe Python uongo huo huo, uiambie ichapishe PWD iliyomo katika os.environ, nayo itajibu /tmp bila kusita. Skripti za mpinzani wangu zimekuwa salama kwa sababu kulikuwa na aliyehakiki kwa niaba yake. Akiihamishia desturi yake kwenye Python au C, au kwenye huduma inayowashwa na mfumo bila kupitia programu ya amri, mhakiki huyo hayupo tena.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Linasema hivi: kiini kinajua mahali, sawa, lakini jina kinalolitoa mara nyingi silo ambalo binadamu anaijua saraka yake. Chanzo ni viungo vya majina, vilivyokuja na toleo la 4.2BSD la Unix mwaka 1983, ambavyo huipa saraka moja jina la pili. Kwenye Mac, /tmp ni kiungo kinachoelekea /private/tmp. Ingia /tmp, na PWD itasema /tmp, jina uliloliandika. Kiini kitasema /private/tmp, jina ambalo watumiaji wengi hawajawahi kuliandika hata mara moja. Utata hauishii katika kuonesha. Ukiandika cd .. ukiwa hapo, programu ya amri itakata kipande cha mwisho cha jina na kukupeleka kwenye mzizi wa diski. Ukiandika ls .. badala yake, utaoneshwa vilivyomo ndani ya /private, kwa sababu ls haijali PWD. Imekitegemea kiini, na kwa kiini mzazi wa saraka hiyo ni /private. David Korn wa Bell Labs aliifanya programu yake ya amri, KornShell, ikumbuke jina ambalo mtu aliingia nalo, na POSIX ikaupokea utaratibu huo, ndiyo maana amri ya pwd ina -L kwa jina ulilopitia na -P kwa jina lisilopita kiungo chochote. Mwaka 2000 Rob Pike aliandika makala akieleza jinsi mfumo wa Plan 9 ulivyorekebishwa ili kiini chenyewe kikumbuke jina lililotumika, na nukta mbili zifuate jina hilo.

Nakubaliana na sehemu kubwa ya pingamizi hili. Mtu anayesoma ujumbe wa kosa anahitaji jina analolijua. Mhandisi ambaye diski ya seva yake imehamishwa mara kadhaa, huku /home ikibaki kuwa kiungo kinachoelekea diski mpya kila mara, anataka ripoti zimtajie /home, maana jina hilo litaendelea kuwa kweli diski zitakapobadilishwa tena. Kiini hakiwezi kumpa jina hilo. Kinachoweza ni kumbukumbu ya njia aliyopitia, na kumbukumbu hiyo imeandikwa katika PWD. Ila tuangalie wanaoitetea PWD kwa uzito huu wameishughulikiaje. Hakuna kati yao aliyependekeza jina lirithiwe na kutumiwa hivyo hivyo. Programu za amri huhakiki kwanza. Kazi ya os.Getwd katika Go, kwenye mifumo ya jamii ya Unix, hufanya vivyo hivyo: husoma PWD, na ikiwa ni njia kamili inayofika kwenye saraka ile ile ambayo programu imesimama, huirudisha, vinginevyo hukiuliza kiini. Uhakiki wenyewe ni maswali mawili mafupi kwa kiini, kazi ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Hapo programu inapata jina zuri na uhakika kwa pamoja, na sioni sababu ya kuridhika na pungufu ya hapo.

Wapo wanaosema kwamba kiini nacho hushindwa kujibu. Zamani hili lilikuwa tatizo kubwa kuliko sasa. Kabla mifumo haijawa na swali la moja kwa moja la getcwd, amri ya pwd ilipata jibu kwa kupanda: ilifungua saraka ya mzazi, ikasoma majina yote yaliyomo mpaka ikakuta lenye namba ya utambulisho ya saraka ilikotoka, ikalihifadhi, ikapanda tena kwa babu, hivyo hivyo hadi kwenye mzizi, ambako saraka na mzazi wake ni kitu kimoja. Saraka moja tu ya juu ikikataza kusomwa, upandaji ulikatikia hapo na jibu halikupatikana. Linux ya leo haina haja ya kupanda kwa namna hiyo, lakini bado kuna hali isiyo na jibu: saraka ikifutwa wakati mchakato umesimama ndani yake, getcwd hurudisha kosa. PWD, katika hali hiyo hiyo, inaendelea kutoa jina zuri lililokamilika. Wengine huona hapo PWD imeshinda. Mimi naona kinyume. Saraka haina jina tena, na jibu pekee la kweli ni kwamba haina. Programu iliyopata kosa inaweza kusimama na kumwarifu mwenyewe. Iliyopewa jina la marehemu itaendelea na kazi, na kama kuna mtu ameunda saraka nyingine kwa jina hilo, itaandika humo.

Kuna swali la nani atajisumbua kudanganya katika PWD. Mara nyingi hakuna anayedanganya. Jina limechakaa tu. Lakini mazingira yanaandikwa na aliyekuanzisha, na huyo si lazima awe rafiki. Somo hilo lilifundishwa kwa ukali Septemba 2014, ilipotangazwa kasoro ya programu ya amri ya bash iliyopewa jina la Shellshock, iliyogunduliwa na Stéphane Chazelas. Bash ilikuwa ikipokea fasili za amri kupitia vigeu vya mazingira, na kutokana na kasoro iliyodumu tangu mwaka 1989, maandishi yaliyopachikwa baada ya fasili hizo yalitekelezwa kama amri. Seva za tovuti zilizotumia utaratibu wa zamani wa CGI ziliweka maneno ya mgeni, kama jina la kivinjari chake, ndani ya mazingira ya programu zilizoziita. Mgeni wa mbali akawa anaweza kuiamrisha seva. Kigeu cha PWD hakikuwa sehemu ya mkasa huo, lakini kinasafiri katika orodha ile ile. Programu inayofanya kazi kwa mamlaka makubwa kuliko ya aliyeiita, halafu ikachagua mahali pa kuandika kwa kusoma PWD, imempa mwitaji nafasi ya kuchagua kwa niaba yake.

Nyakati nyingine mtu anauliza saraka ya sasa kumbe anataka kitu kingine. Skripti ya kutuma ripoti ina faili la mipangilio kando yake, na mwandishi, aliyeijaribu akiwa ndani ya saraka hiyo, akaliandika kwa jina fupi. Akaikabidhi kwa cron, chombo cha Unix cha kuwasha kazi kwa ratiba, iiwashe kila usiku. Cron huanzisha kazi katika saraka ya nyumbani ya mtumiaji, na skripti ikalikosa faili lake. Hapa PWD ingesema kweli na getcwd ingesema kweli, na zote mbili zisingemsaidia, kwa kuwa alichohitaji ni mahali skripti yenyewe ilipohifadhiwa. Kila mfumo una njia yake ya kulipata hilo: Python ina __file__, faili la amri la Windows lina %~dp0, na skripti za Unix huanzia kwenye $0. Kinyume chake, ipo kazi ambayo $PWD inaifanya vizuri kuliko chochote, nayo ni ile ya mtu aliyekaa mbele ya terminali, anayeitaja kwenye mstari wa amri ili kuipa programu nyingine njia kamili, kama wafanyavyo watumiaji wa Docker wanapoiunganisha saraka yao na kontena. Programu ya amri ndiyo inayoijaza, muda ule ule, kutoka kwenye jina inalolitunza yenyewe. Kinachotakiwa hapo ni alama za kunukuu kuizunguka, maana saraka yenye jina kama Picha za Harusi, bila alama hizo, katika programu nyingi za amri itagawanyika kuwa maneno matatu.

Hata kukiuliza kiini kila mara hakumalizi kazi, kwa sababu getcwd nayo hurudisha maandishi, na maandishi huanza kuchakaa tangu yanaporudishwa. Zaidi ya hayo, mchakato wenye nyuzi nyingi za kazi una saraka moja ya sasa kwa nyuzi zote, na uzi mmoja ukihama umewahamisha wenzake wote katikati ya shughuli zao. Ndiyo maana POSIX ya mwaka 2008 iliipokea openat na jamaa zake. Programu hufungua saraka mara moja, hubaki na kishikio chake, kisha hufungua mafaili kwa kutaja kishikio hicho na jina fupi. Saraka ikibadilishwa jina, kishikio bado kinaifikia. Uzi mwingine ukihama, hakiathiriki. Amri ya rm ya GNU hufanya kazi kwa namna hiyo inapofuta saraka pamoja na vilivyomo: hushuka ngazi kwa ngazi ikiwa imezishika saraka zenyewe, na kufuta kwa unlinkat, ili mtu asiweze kubadilisha saraka moja kwa kiungo katikati ya kazi na kuielekeza ifute mali ya mwingine.